Kundi la Wakali

Mwalimu Zacharia, naibu mkuu wa sekondari moja ya Ruiru, alihudhuria semina ya siku mbili Thika, chai na mandazi juu, akarudi anajua tabia za binadamu wote. Akagawia wanafunzi fomu za kuwapanga kwa makundi, Wakali na Wapole. Penye "Je, wewe hukasirika haraka?" Trizah wa Form Three aliandika: "Ndiyo, hasa nikiulizwa maswali kama haya." Papo hapo akaingizwa kundi la Wakali.

Wiki iliyofuata misokoto ya bangi ikapatikana nyuma ya vyoo. Mwalimu hakujisumbua kupeleleza. Alifungua faili, akatuma Wakali wote tisa nyumbani waite wazazi. Sharti la kurudi darasani: uandike statement ukiri umevuta, mzazi atie sahihi. Wanane waliandika, hata wale ambao hawajawahi kushika kiberiti.

Trizah alikataa. Mwenye bangi alimjua: Wangechi, jirani yake wa dawati, mpole hata nzi hamfukuzi, aliyevuta ili mikono iache kutetemeka kabla ya mtihani. Kwenye faili alikuwa Mpole, salama kabisa.

Mamake Trizah, Wilkister, aliomba ruhusa kiwandani. Njiani alimsihi bintiye aandike tu, yaishe. Ofisini, Mwalimu akamweleza mama, polepole kama anasomea mtoto, kwamba hasira na bangi ni mtu na dadake.

"Hasira hiyo ametoa kwangu," Wilkister akasema. "Na sijawahi kuvuta hata sigara. Niandike statement pia?"

Trizah akaomba apimwe mkojo. Mwalimu akasema uso wake unatosha.

"Mwalimu, sisi wenye kelele unatusikia hata ukiwa staffroom," Trizah akamwambia. "Wanaonyamaza umewahi kuwauliza wanaogopa nini?"

Mwalimu akanusa kwamba anamjua mvutaji, akadai jina.

"Ukitaka kumsaidia, tutaongea. Ukitaka kumfukuza, mimi sijui mtu."

Akavuta karatasi, akaandika: "Mimi Trizah Aoko nakubali nina hasira. Bangi sijavuta." Mamake akatia sahihi kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka.

Trizah akaongezewa wiki mbili nyumbani. Langoni, askari akawauliza wanaelekea wapi.

"Zahanati, kukojoa," Wilkister akajibu. "Mwambie Mwalimu kesho tunamletea majibu, na hatutoki hapa kabla hajayasoma kwa sauti."