Kilo Mbili za Kupe

Kaka yangu alioka mikate tangu alipoacha shule hadi Ijumaa ile Mungu alipomchukua. Mtaani walimwita Mkate Moto, na wengi waliokuja kumzika hawakuwa wakijua jina alilopewa na wazazi wetu. Alikuwa mnene, mwepesi wa kucheka, na mikono yake haikuwa na unywele hata mmoja kwa sababu ya tanuri. Mimi ni mdogo wake. Nauza mikate kwenye kaunta ya duka lake, na kati yangu na chumba cha tanuri kuna mlango mmoja tu. Wazazi wenzake wa timu wameniuliza mara nyingi ilikuwaje, nami nimeona heri niandike yote kama nilivyoyaona.

Binti yake wa pekee yuko sekondari, na anacheza mieleka. Wenzake walimpa jina la Kupe, kwa sababu akishamkamata mtu kiunoni haachii mpaka mwamuzi ambandue. Mwanzoni kaka hakuupenda mchezo ule. Alikwenda kutazama pambano la kwanza amekunja uso kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu, na akarudi sauti imemkauka kwa kushangilia. Tangu siku hiyo hakukosa hata pambano moja.

Msimu ulipoanza, wazazi waliitwa shuleni kuelezwa kanuni. Nilikwenda pamoja naye, kwa kuwa wifi yangu alikuwa kazini. Tuliketi kwenye madawati ya wanafunzi. Kaka alijaribu mawili, hakuenea, akaishia kusimama ukutani huku watu wakimcheka. Mwalimu wa mieleka ni mwanamke mfupi, sikio lake moja limekunjamana kwa miaka ya mchezo. Alieleza kwamba kucha ziwe fupi, nywele zifungwe, sare ifuliwe kila siku, upele au kidonda kisifichwe, na mzazi asimtukane mwamuzi wala asikanyage mkeka. Halafu akaweka chaki chini na kusema polepole zaidi. Hakuna mtoto wa timu yake atakayepunguza uzito kwa njaa, kwa dawa, kwa kujifunga nailoni wala kwa joto. Atakayegundulika ametoka msimu mzima.

"Mtoto aliyezidi uzito anapanda daraja," alisema. "Kupanda daraja hakujamuua mtu."

La mwisho lilikuwa la wazazi wenyewe. Mtusaidie, alisema, msiwaamuru watoto jambo ambalo nyinyi hamlifanyi. Ukimwambia alale mapema, nawe lala. Ukimkataza soda, nawe usinywe.

Hilo ndilo lililomwingia kaka. Aliacha sukari kwenye chai tangu kesho yake. Alfajiri alikimbia nyuma ya Kupe akihema, na majirani wakapiga kelele kwamba gunia la unga limetoroka dukani. Naye akawajibu kwamba wafunge milango, kuna jingine nyuma. Tulifurahi. Lakini alikuwa na presha, na daktari alikuwa amemwonya akae mbali na joto. Kwa hiyo tanuri alikuwa ameliacha kwa mwenzake wa kazi, yeye akabaki kwenye kukanda tu, na wifi ndiye aliyemtunzia vidonge.

Mtoto naye akakua, kama watoto wote. Walipopimwa shuleni kabla ya mashindano makubwa, Kupe alikuwa amezidi kilo mbili. Daraja la juu yake lilikuwa la nahodha wa timu, msichana ambaye Kupe hakuwahi kumwangusha hata katika mazoezi, na kila daraja linapeleka mmoja. Kupanda maana yake ilikuwa kukaa benchi. Siku hiyo alikuja dukani, akakaa juu ya gunia, akasema anaacha mieleka. Wifi alimwambia apande daraja, mwaka ujao upo. Nami nilisema hivyo hivyo. Kaka alikung'uta unga mikononi, akaenda kusimama mlangoni pa chumba cha tanuri.

Jumatatu ya juma la mashindano, mikate ya mwisho ilipotoka na mwenzake akaenda zake, kaka aliingia na Kupe chumba cha tanuri. Hakulizima. Akachukua gunia bichi la kuziba chini ya mlango ili joto lisitoke. Kabla hajafunga nilichungulia. Kupe alikuwa amevaa masweta matatu, na juu yake mfuko wa nailoni uliotobolewa pa kupitisha kichwa. Na kaka alikuwa amevaa vivyo hivyo, kamba ya kuruka mkononi.

"Kaka, mwalimu alisemaje?" nikamuuliza.

"Alisema nisimwamuru mtoto jambo nisilolifanya."

"Alisema na jingine."

"Lile aliwasemea watoto wanaoachwa peke yao. Huyu ana baba yake. Rudi kaunta, wewe, kabla wateja hawajala ubao."

Kupe mwenyewe alimwomba akae nje. Kaka akamjibu, "Hapana, mama. Nikikaa nje nitakuwa mzazi wa kuamuru."

Basi kila alasiri nilisikia kamba mbili zikipiga sakafu nyuma ya mlango ule, moja ya haraka, moja nzito. Mteja mmoja aliuliza ni fundi gani tumemweka ndani. Jumanne kaka alitoka na rangi ya majivu, akashikilia mlango muda mrefu kabla ya kuweza kuniambia kwamba wamepunguza robo tatu ya kilo. Jumatano miguu ilimvimba, viatu vikakataa, akakanda unga akiwa amevaa ndala. Nilimwambia anaonekana mgonjwa. Alinijibu kwamba hata mkate huvimba kabla haujawa mkate, akacheka peke yake.

Alhamisi wifi aligundua kwamba vidonge havikuguswa tangu juma lianze. Alikuja dukani navyo mkononi na kuviweka mbele yake juu ya meza ya kukandia.

"Baba Kupe, hivi ni nini?"

"Vinataka maji," kaka alisema. "Na mtoto hanywi maji."

Wifi alimsihi kwa jina la Mungu, akilia, mimi nikiwa shahidi. Alimwambia atakwenda kwa mwalimu amweleze yote. Kaka alimshika mkono akasema imebaki siku moja, Jumamosi asubuhi wanapimwa, na jioni atakunywa vidonge vya juma zima kwa mkupuo. Alisema kwa utani. Jioni hiyo wifi alikwenda shuleni, akaambiwa mwalimu ametangulia kwenye ukumbi wa mashindano kutandika mikeka. Tulikaa nyumbani kwao tukasali, na hata katika sala nilikuwa nasikia zile kamba.

Ijumaa waliingia mapema kuliko siku nyingine. Tanuri lilikuwa limeoka asubuhi nzima na ukuta wa upande wangu haukushikika. Nilikuwa namfungia mteja mikate miwili. Kamba mbili. Kisha moja, ile ya haraka. Nikasimamisha mikono. Halafu nayo ikanyamaza, na nikamsikia Kupe.

"Baba, inuka. Baba, usinitanie."

Nilipofika mlangoni gunia lilikuwa limejibana chini na mlango haukusogea. Ulifunguka kwa teke kutoka ndani. Kupe alitoka na baba yake mabegani, amemkunja shingoni kama wanavyofundishwa kumnyanyua mpinzani, mtu aliyemzidi karibu mara mbili. Jasho la kaka lilikuwa likichuruzika kwenye nailoni na kudondoka sakafuni. Yule mteja alikuwa na gari, akatupeleka.

Hospitali walimwingiza kaka ndani na kutufungia mlango. Kupe alikaa kwenye benchi, kisha akaanza kuinama upande mmoja, midomo imepasuka. Nesi alimuona, akamvua masweta, akasema naye anahitaji dripu. Akampandisha kwanza kwenye mizani iliyokuwa pale ukumbini, maana alitaka kujua kipimo cha dawa, na akasoma uzito kwa sauti.

Kilo mbili zilikuwa zimekwisha, na kidogo zaidi.

Kupe aliutazama ule mshale. Akashuka akinishikilia bega.

"Shangazi, nenda kamwambie baba tumefika," akasema. "Mwambie anywe maji sasa."

Nikaenda. Kabla sijagonga, mlango ulifunguliwa na daktari, akaniuliza mimi ni nani wake. Nikasema ni mdogo wake. Akaniambia, nami nikasema Mungu ametoa na Mungu ametwaa.

Niliporudi, nesi alikuwa amekwisha kumlaza Kupe. Maji yalikuwa yakishuka tone kwa tone kuingia mkononi mwake. Aliniona nikija tangu mwisho wa ukumbi. Aligeuzia uso ukutani, na mkono wenye sindano aliuacha palepale, wazi, kama alivyoambiwa.