Ramadhani ya Mayai Matupu

Harufu ya mayai ya kuchemsha iliganda kwenye mapazia ya nyumba yetu ya mtaa wa Al Mansoura, huku Uarabuni, Ramadhani ile, na hakuna udi uliofua dafu mbele yake. Kaka yangu Salumu, ambaye alikuwa ameshampita Mama kwa kimo, alisikia kwa vijana wa mazoezi kwamba wanga unanenepesha na kwamba misuli hujengwa kwa protini peke yake. Tangu hapo futari ya Mama ikawa haimfai. Alikula ute mweupe tu wa mayai, viini akanisukumia mimi, nami nikavila mpaka nikawachukia kuku wenyewe.

Mama alipika tangu alasiri, amefunga, kanga imelowa jasho, halafu mtoto anasukuma sahani. "Onja hata tambi, baba," alimbembeleza. "Mama, huo ni wanga mtupu." Kwao Tanga wanga ni wachawi wa usiku. "Nimesimama jikoni kutwa," alifoka, "leo unaniambia nimekupikia wachawi!" Baba, dereva wa hoteli, alicheka mpaka akapaliwa na uji, na hilo likamuudhi Mama zaidi.

Jioni moja baada ya kufuturu, Salumu alishuka kucheza mpira kwenye kiwanja cha vumbi nyuma ya jengo letu. Nilikuwa dirishani. Nilimwona akikimbia, akapepesuka, kisha akaanguka kifudifudi. Baba alimpandisha ngazi amembeba, mdomo umepasuka, mikono inaning'inia. Mama alilia jina lake kama anayeita mtu aliye mbali. Nilikimbia juu kumwita jirani yetu Wanjiru, muuguzi kutoka Kenya. Alimsafisha, akamnywesha maji ya matunda kidogo kidogo mpaka macho yake yakatulia.

"Leo umekula nini?"

"Mayai."

"Na jana?"

"Mayai."

"Aki wewe! Protini inajenga mwili, ni kweli. Hata huo mdomo utaponeshwa nayo. Lakini nguvu za kukimbia unatoa wapi? Hiyo ni kazi ya wanga. Ukiukosa, mwili utaichoma hata hiyo protini yako kama makaa." Mama alianza kutabasamu kwa ushindi, Wanjiru akageukia meza. "Na wewe, Mama Salumu: muhogo, tambi, chapati. Hapa cha kujenga kiko wapi?"

"Basi nyumba nzima tumekosea," Mama alisema kwa uchovu. Lakini kesho yake alipika kunde za nazi pamoja na muhogo, na Salumu akala vyote bila kumtazama mtu usoni.

Siku hizi maduka ya mtaa wa Al Sadd, mji uleule, yamejaa makopo ya unga wa protini, na binti yangu amekataa wali kwa sababu ameona kwenye simu kwamba unanenepesha. Nimemweleza yote haya; hakuinua hata macho. Mama alibishana na mtoto aliyeweza kuanguka, akainuliwa, akaelewa. Mimi nabishana na simu, na simu haisikii njaa.