Laini ya Bibi

Juzi niliingia duka la simu pale Korogwe, kijana muuzaji akaniuliza, "Mama, una laini ngapi?" Swali la kawaida tu, lakini lilinichoma. Nilitoka bila simu, nikaizunguka stendi mara mbili, sijui natafuta nini.

Ngoja nikusimulie. Miaka ile ya Ujamaa nilikaa na bibi mzaa mama upande wa Sindeni, kwenye shamba lake la mihogo. Udongo wetu ulikuwa laini. Ukivuta shina, muhogo unatoka mzima, na mchana bibi anasonga bada, ule ugali wa muhogo ninaousikia mdomoni hadi leo.

Siku moja balozi wa nyumba kumi akaja kutangaza kwamba wote tunahamia kijijini, tukajenge kwenye laini. Alipoondoka, bibi akaniuliza mimi, maana nilikuwa darasa la tatu na mimi ndiye msomi wa nyumba, "Laini ndiyo nini?"

Ningesema sijui. Kimbelembele kikanizidi, nikamjibu, "Si laini tu, bibi. Ardhi laini, kama hii yetu."

Akaniamini. Majirani walinuna na kuvutana na balozi wiki nzima. Bibi aling'oa mlango wake mwenyewe, akafunga pingili za mihogo za kupanda, akahama wa kwanza.

Tulikuta kamba ya katani imevutwa kutoka kigingi hadi kigingi, mbali kabisa. Bibi akatua mzigo, akapiga jembe. Likagonga jiwe. Akasogea hatua chache, akapiga tena, jiwe. Hakumtazama balozi, alinitazama mimi.

"Mjukuu wangu, iko wapi hiyo laini?"

Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye mkonge alicheka, akamwambia laini ni mstari, kama nyumba za manamba kambini. Niliona aibu ambayo haijanitoka.

Nilipofika sekondari, mwalimu wa Kiingereza alitueleza kwamba neno "line", ndilo hilo laini, asili yake ni uzi wa kitani. Wenzangu wakaandika. Mimi niliiona ile kamba, nikashindwa kuandika.

Kwetu kule shambani sasa ni pori. Nimekwenda mara nyingi, nazungukazunguka, sijui hata mlango ulikuwa wapi. Bibi aliishi kwenye mstari ule mpaka alipofariki, na hakunigombeza hata siku moja. Ila barua ikija, alinipita mimi nimekaa mlangoni, akaipeleka kwa mtoto wa jirani amsomee.