Mzee Waliyemwita Boyi

Habari ya kifo chake niliipata sokoni hapa Bunia, kutoka kwa mama mmoja muuza samaki wa chumvi aliyekuwa amefika na lori la asubuhi kutoka Kasenyi, kule ziwani. "Ule muzee mwenye alikuwaka boyi kule nyuma ya nyumba yako," aliniambia, "amekufa jana. Ni homa." Alikuwa akinifungia samaki huku akisema, wala hakuwa na ubaya wowote moyoni. Alitumia neno ambalo mji mzima hulitumia. Lakini hasira ilinipanda pale pale, nikaondoka na kuwasahau samaki juu ya meza yake, na ninyi wasomaji wangu wa siku zote mtanivumilia kama leo sina maneno laini. Mtu amekufa na mvi zake, ameacha mjane, watoto na wajukuu, na njia pekee tuliyo nayo ya kumtambulisha ni kusema kwamba alikuwa boyi.

Neno lenyewe ni la Kiingereza. Waingereza hawakututawala sisi, walikaa ng'ambo ya ziwa, lakini neno lao lilivuka, na Wabelgiji walipolionja wakaliona tamu. Tangu hapo limetutumikia sana. Kuna boyi wa nyumba, anayepika, anafua, anapiga pasi na kumlaza mtoto asiye wake. Kuna boyi-chofa, yule anayepanda juu ya mizigo ya lori, na kwenye mlima wa kutoka ziwani anaruka chini na gogo mkononi kwenda kuzuia gurudumu, na gari likirudi nyuma yeye ndiye wa kwanza kufa. Kule kwenye machimbo ya dhahabu, anayewachotea wenzake maji ni boyi. Vile vijumba vya nyuma, vyenye mlango mmoja na dirisha la kupitishia mkono tu, tunaviita boyeria. Ukitaka kumtukana ndugu yako anayemtii sana mkewe au mkubwa wake wa kazi, unamwambia amekuwa boyi. Halafu nenda Kasenyi ukawaulize wafanyabiashara wa Uganda maana ya neno hili kwao. Watakuambia kwamba ni mtoto wa kiume, basi, na kwamba baba hulitamka kwa furaha mkewe anapojifungua. Yaani neno ambalo kule linamkaribisha mtoto duniani, sisi huku tumelitumia kumzuia mtu mzima asikue.

Marehemu alikuwa mpishi katika nyumba ya Mgiriki mmoja mwenye duka, na boyeria yake iligusana na ua wangu wa matete. Mgiriki aliponyang'anywa duka na serikali na kurudi kwao, duka na nyumba vilipewa mwenzetu, mtu wa hapa hapa, mwenye bahati na marafiki wa juu. Mpishi alibaki, kama vile sufuria zilivyobaki. Mnaikumbuka miaka ile. Nchi ilibadilishwa jina, mto ukabadilishwa jina, sisi wenyewe tukaacha majina ya ubatizo, tai zikavuliwa shingoni, na ilikuwa marufuku kumwita mtu Musiye au Madamu, yale mabwana na mabibi ya Kifaransa. Sote tukawa sitwayeni na sitwayeni mwenzake, wananchi sawasawa. Yule mwenye duka mpya aliushika mchezo huo kwa nguvu zote. Siku moja nilimsikia akimfokea mzee wa kanisa aliyemsalimu kwa Musiye, akamsimamisha juani na kumfundisha mapinduzi. Alipomaliza akageuza kichwa upande wa jikoni na kuita, "Boyi, leta kiti." Hakuona kosa lolote. Mbwa wa nyumba ile alikuwa na jina, jina zuri la Kifaransa, na watoto wa nyumba walijua kulitamka vizuri kuliko masomo yao.

Sasa niwaeleze siku ambayo sitaisahau. Binti yake wa kwanza alipochumbiwa, wakwe walikuja kutoka Bogoro kuleta mahari. Mzee alikuwa ameomba ruhusa kwa patroni wake, yule mwenye duka, wiki nzima kabla, akapewa. Hakuwa na fasi nyingine ya kuwapokelea, kwa hiyo tuliweka viti katika kile kiwanja kidogo mbele ya boyeria, na mimi kama jirani niliombwa kukaa upande wa binti. Katika ukoo wao, baba wa binti akishakaa mbele ya wakwe hasimami mpaka neno la mwisho limesemwa. Hamwagii mtu maji, hashiki sahani, haitikii mwito wa mtu. Akisimama kumtumikia mwingine, wakwe huona kwamba binti hana baba, na mbuzi hurudi walikotoka. Kila mtu aliyekaa pale alilijua jambo hilo, na mama wa binti alilijua kuliko sote, maana alikuwa amejificha nyuma ya mlango akichungulia.

Tulikuwa katikati ya mazungumzo sauti ikatoka barazani. Patroni alikuwa amefikiwa na wageni wake wa Kisangani bila taarifa. "Boyi. Bageni banakufa na kiu huku, weye uko wapi?" Mzee hakugeuka. Sauti ikaita tena, kisha tena, na kila ilipoita wakwe walitazama miguu yao. Mwishowe mwenyewe akazunguka nyumba na kusimama mbele yetu sote, katika abakosti yake, ile suti isiyo na tai ya miaka ile, iliyopigwa pasi na mikono ya yule yule aliyekuwa akimfokea.

"Ni mimi boyi yako, ao ni weye boyi yangu?"

"Patro, leo mi iko na bakwe," mzee alijibu bila kupandisha sauti. "Niliomba weye ruhusa, ukanipatia. Kesho nitatumika."

"Simama."

"Hapana, patro. Leo siwezi."

Alijua vizuri anachokitupa: kazi, nyumba, na chakula cha watoto wake. Kisha mkubwa wa wale watu wa Bogoro, mzee mwembamba ambaye tangu asubuhi alikuwa amesema maneno machache tu, akamgeukia baba wa binti kana kwamba hakuna mtu mwingine aliyesimama pale. "Muzee," alisema, "siye tunangoja neno yako." Na mzee akalisema neno lake, mbuzi wakapokelewa, na binti akaolewa.

Kesho yake vyombo vyao vilikuwa nje ya ua. Hakuna aliyeshangaa, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Majirani walisema mzee ana kichwa kigumu, kwamba angeweza kusimama dakika moja tu, akapeleka maji, akarudi kukaa. Katekista mmoja alisema ni kiburi. Watu waliokuwa wakiimba kila asubuhi mbele ya bendera kwamba tumekwisha kuwa huru walimwona baba akifukuzwa kwa kosa la kuwa baba, wakaona ni jambo la kawaida kati ya mtu na boyi wake. Tunapenda kusema kwamba wazungu ndio waliotuletea neno hili, na ni kweli, walituletea. Lakini waliondoka. Walichukua sahani zao na picha zao ukutani, na neno walituachia, nasi hatukulitupa, maana kila mmoja wetu alikuwa akingoja zamu yake ya kuketi barazani na kulipaza. Sheria ilitubadilisha majina mpaka ya babu zetu, ila jina hili halikuguswa, kwa sababu walioandika sheria nao walikuwa na mtu jikoni.

Mzee alishuka Kasenyi, akajifunza kukausha samaki, na huko ndiko alikoishi mpaka homa ilipomchukua. Mkwe wake, mume wa yule binti, ndiye aliyeulipia mwili lori ili azikwe hapa Bunia, na matanga yakawekwa kwake, mtaa wa Ngezi. Siku ya maziko nani akatokea, na gari na dereva? Patroni wa zamani, amenenepa, na shada la maua ya plastiki. Akaomba kusema neno, na kwa kuwa ni mtu mkubwa akapewa. "Boyi wangu alikuwa mutu wa kweli," alisema. "Haiko kama maboyi ya sasa. Hakuna siku aliniiba hata sukari." Aliendelea hivyo kwa muda, na baadhi ya watu wakaanza kutikisa kichwa kwa kukubali. Ndipo mjane, aliyekuwa chini kwenye mkeka karibu na jeneza, akanyanyua uso.

"Aksanti kwa hiyo maneno ya sukari," alimwambia. "Sasa uniambie kitu kimoja tu, baba. Mutu huyu tunalia hapa, jina yake ni nani?"

Hakusema kwa matusi. Aliuliza na kungoja jibu. Yule bwana akamtazama dereva wake. Dereva akatazama chini. Miaka yote ile mtu huyu alimpikia, alimfulia, alikesha na watoto wake walipougua surua, na yeye hakujua jina lake. Mjane hakumsaidia, na katika umati wote ule hakuna hata mmoja aliyemnong'oneza. Alilaza maua yake chini, akarudi garini, nasi tukambeba mzee wetu kwenda kumzika.

Kwa hiyo, msomaji, kama kuna mtu anayekupikia nyumbani, usingoje mjane wake akuulize swali lile mbele ya watu. Kesho asubuhi, kabla hujaagiza chai, mwulize jina lake, kisha mwulize jina la mtoto wake wa kwanza, umwite baba wa mtoto huyo kama unavyomwita mtu mzima yeyote. Ukiona haya kumwuliza baada ya miaka yote hiyo, haya hiyo ni yako, na unastahili kuionja.