Mgeni wa Kila Asubuhi

Mama mkwe wangu alianza kunipenda alipoanza kunisahau. Nikisema hivyo watu hudhani namsengenya marehemu, lakini ni kweli tupu, na naisema kwa furaha.

Mimi ni mtu wa ziwani. Nilizaliwa upande wa Liuli, nikalelewa kwa usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, kwa muhogo na ibada za Kianglikana. Mume wangu ni Mmatengo wa milimani, karibu na Mapera, Mkatoliki kwa baba na kwa mama. Siku aliyonipeleka kwao, mama yake alinitazama kuanzia kandambili hadi kilemba, kisha akamuuliza mwanawe kama wasichana wa Mapera wamekwisha. Aliuliza kwa Kiswahili makusudi, ili nami nisikie.

Msimu wa kwanza nikamwonyesha kwamba hakukosea kuuliza. Kule milimani watu hulima ngoro. Wanaume hufyeka majani na kuyalaza katika mistari inayokatana, shamba lote likawa miraba. Kisha wanawake huingia na majembe, huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuyafunika yale majani. Majani yaliyofunikwa huwa matuta, na katikati hubaki shimo la kuzuia maji ya mvua yasiteremke bondeni na udongo wote. Mbegu hupandwa kwenye tuta. Hata mtoto wa chekechea analijua hilo. Mimi niliyaona mashimo yalivyo mazuri, yana unyevu, nikajua hapo ndipo. Nikapanda maharage shimo kwa shimo huku naimba.

Maharage yakaoza, habari zikastawi. Kisimani, kilabuni, hata nje ya kanisa baada ya misa, mama mkwe alikuwa na hadithi moja tu: ya mkwe wake apandaye mashimoni. Kunifundisha, hakunifundisha. Alisema mkono uliozoea kuanika usipa hauwezi jembe. Nilijifunza kwa kuchungulia mashamba ya majirani, na kwa hasira.

Miaka ikapita. Likaja soko huria, kahawa haikuwa tena ya chama cha ushirika peke yake, wanunuzi binafsi wakaanza kupanda milima na magari na mizani yao, wakigombea kahawa hadi milangoni mwetu. Siku moja mama mkwe alimkimbiza mmoja kwa fimbo. “Mwizi wewe! Kahawa inapelekwa chamani!” Tulicheka sana, na mnunuzi mwenyewe akacheka akiwa juu ya gari alikokimbilia. Kisha mimi na mume wangu tukatazamana, kwa sababu msimu uliotangulia mama alikuwa amemuuzia kahawa mtu yuleyule na kumpikia chai. Haukupita muda akapotea njia ya kisimani, njia aliyoipita tangu alipoolewa. Mganga wa zahanati akasema ni maradhi ya uzeeni, dawa hakuna, mkae naye karibu tu. Mume wangu alikuwa anafanya kazi Mbinga mjini, anarudi Jumamosi. Kwa hiyo wa kukaa karibu nilikuwa mimi.

Nilijiandaa kwa vita. Asubuhi moja nikaingia na uji, nikasema, “Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu! Umetoka wapi?”

Nikageuka kutazama kama kuna mtu nyuma yangu. “Ziwani, mama.”

“Ziwani! Milima yote hiyo! Kaa, upumzike.” Akanivutia kigoda chake mwenyewe, akanikaribisha uji niliopika mimi. “Na unasali wapi?”

“Anglikana.”

“Haidhuru,” akasema. “Mungu ni mmoja.”

Nusura nimwage uji. Mwanamke aliyeninunia mwaka mzima kwa ajili ya kanisa langu!

Kesho yake nikawa mgeni tena, na keshokutwa, na kila asubuhi kwa muda mrefu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama mkwe hakungoja siku ya tatu. Tukimaliza uji alinikabidhi jembe, tukaenda shambani akanifundishe ngoro. Na alijua kufundisha, mama yule! Kwa kuwa kila siku kwake ilikuwa ya kwanza, hakuchoka wala hakufoka. Alinishika kifundo cha mkono, akanionyesha jinsi ya kuurusha udongo ukatua juu ya majani bila kuyasogeza. Mimi nilikuwa nalima ngoro kwa miaka, lakini kitu hicho sikuwa nakijua, matuta yangu yalikuwa yanalala upande kama mlevi. Akanisifu. “Una mkono mwepesi. Mama yako alikulea vizuri.” Nilirudi nyumbani natabasamu peke yangu njiani.

Sisemi ilikuwa sherehe kila siku. Kuna siku alinipiga mwiko akidhani nimekuja kuiba kuku. Kuna kufua mashuka asubuhi ya baridi ya Umatengo, na kuna swali moja kuulizwa hadi masikio yanauma. Mimi nina hasira za karibu. Nilikuwa naenda nyuma ya nyumba, naitukana migomba mpaka natulia, kisha narudi. “Karibu, mgeni,” ananiambia, na hasira inakosa pa kukaa.

Msimu mmoja wa maharage nilimwacha kidogo nikamnyonyeshe mwanangu mchanga kivulini. Niliporudi nilimkuta ameinama, anadondosha mbegu ndani ya mashimo, shimo kwa shimo, na anaimba. Nilisimama. Maneno ya miaka yote yalinijaa mdomoni, na kama kuna siku ya kulipiza ilikuwa ile. Nikaona huruma tu, na mapenzi. Mbegu zile sikuzifukua. Nilichukua jembe nikaanza mstari mwingine.

Siku chache baadaye, Jumamosi, akaja shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, na pikapu kutoka Songea. Alikuwa mtu mwema. Kwake kulikuwa na umeme na bomba, na alisema si haki mimi kubeba mzigo peke yangu. Mume wangu aliinama, kwa sababu neno la kaka mkubwa ni zito. Mimi nilikuwa nafunga nguo za mama kwenye kanga. Nilikuwa nimempata mama mkwe juzi juzi tu, na sasa anaondoka.

“Siendi,” mama akasema. “Nani atabaki na mgeni?”

“Mama, huyu si mgeni,” shemeji akamweleza taratibu. “Huyu ni mke wa mwanao. Yuko hapa miaka yote.”

Akanigeukia. Nikaona macho yake yananitafuta, na moyo ukanipasuka, maana nilijua akinikumbuka basi, tumerudi kwenye kandambili na kilemba.

“Yule wa ziwani?” akauliza. “Anayepanda mashimoni?”

“Ndiye huyo, mama,” nikajibu.

Akaketi kwenye kigoda chake. “Basi ndiyo siendi kabisa. Nikiondoka atapanda tena.”

Mume wangu ndiye aliyeanza kucheka. Shemeji naye akacheka, akapangusa macho, akaenda kuzima pikapu. Nilimkaangia usipa, akala, akarudi Songea peke yake na mkungu wa ndizi.

Jioni ile mama alitaka tuone shamba. Tukafika kwenye ule mstari wake. Maharage yalikuwa yameota ndani ya mashimo, ya manjano, miguu majini. Akasimama, uso ukakunjamana kama wa mtu aliyeulizwa jambo gumu.

“Nani amepanda hapa?”

“Mimi, mama,” nikasema.

Alicheka mpaka akaegemea mpini wa jembe. Kisha akanishika kifundo cha mkono. “Njoo, mwanangu,” akasema. “Njoo nikuonyeshe.”