Mama Libérata na Ngozi za Coopec

Kule Ngungu, ukitaka kumukuta Mama Libérata, usimungojee ku njia kubwa. Yeye anapita nyuma. Anakatiza shamba la maharagi, anazunguka choo, anatokea mu kiwanja wakati mwenye nyumba anafikiri ni kuku tu wanapiga kelele. Watoto wanamuita Mama Bila-Hodi. Hana ubaya na muntu. Ng'ombe njo walimuzoesha hivyo.

Bwana yake, marehemu Sebarenzi, alikuwa na ng'ombe wengi kuliko majani ya kuwalisha. Basi aliwaweka kwa watu, mumoja kwenye kilima hiki, mwingine kwenye kile, kama desturi ilivyo: mwenye kuchunga anakunywa maziwa na kubeba mbolea ku shamba lake, mwenye ng'ombe anapata ndama. Na ng'ombe akikufa, muchungaji analeta ngozi pamoja na masikio, ili mwenyewe aone kwa macho kwamba alikufa kweli, hakuuzwa kimyakimya ku soko la Sake. Sebarenzi alipofariki, Libérata njo alibaki kuzunguka vilima. Akaona mengi. Yule aliyemwambia kila mara, "Ziko muzima zote, Mama, hakuna hata moja imekohoa," huyo njo alimunyima usingizi. Mumoja wa namna hiyo alimuonyesha ndama mwekundu, muzuri sana. Libérata akaomba apelekwe kwa mama yake anyonye. Ng'ombe akamupiga ndama teke. Kumbe alikuwa ndama wa jirani, wamemuomba kwa siku moja tu, mpaka mugeni aende.

Lakini Athanase, muchungaji mwingine, Muhunde mukimya wa kule juu, alishuka siku moja mu mvua na ngozi ku kichwa, anatetemeka kama mutoto aliyevunja chungu. "Mama, ilikufa. Ngozi njo hii." Libérata analala juu ya ngozi ile mpaka leo. Na mwaka uleule alimupa Athanase ng'ombe mwingine.

Sasa hana ng'ombe tena. Wenye bunduki walipoanza kuswaga mifugo ya watu, aliwauza wale wane waliobaki, mbio, kabla hawajaonwa. Makuta aliyolipwa akayashona ndani ya muto wake wa kulalia, na toka siku ile shingo inamuuma. Siku vilima vikitulia, makuta yale njo yatakuwa ng'ombe tena. Yakipotea, jamaa ya Sebarenzi haitakuwa tena na ng'ombe.

Mutoto wake Nsengimana, mwalimu wa shule ya primaire, alikuja kumwambia:

"Mama, muto siyo banki. Nunua parts ku Coopec ya hapa, ile chama ya kuweka na kukopa makuta."

"Part njo nini?"

"Ukiweka tu makuta yako pale, unabaki mugeni. Ukinunua part, unakuwa mwenye nyumba. Coopec ikipata faida, kila mwaka unagawiwa."

"Na ikipoteza?"

Nsengimana alikuna shingo. "Ikipoteza, part yako nayo inapungua. Lakini haijapoteza hata siku moja."

"Hata moja?"

"Hata moja, Mama."

Libérata alimutazama kama alivyomutazama ndama mwekundu. Halafu akaacha. Ni mutoto wa tumbo lake.

Jumapili, kisha Misa, Coopec iliita watu ndani ya salle kubwa ya paroisse, kando ya kanisa. Zéphyrin, gérant mwenye kuisimamia, kijana wa Itebero mwenye shati iliyopigwa pasi mpaka ku makunjo, alisimama mbele. "Wapendwa, mwaka huu crédit zote, makuta yote tuliyokopesha, zimerudi. Zote! Mwenye kununua part leo, ananunua kitu kinachosimama." Watu wakapiga makofi. Libérata hakupiga. Aliinuka.

"Papa Gérant, wewe njo unachunga ng'ombe zetu, siyo?"

"Mama, sisi hatuna ng'ombe. Tuko na crédit."

"Ni kitu kimoja. Mwaka huu vita imepita hapa, barabara ya Sake imefungwa, watu wamekimbia na masufuria ku kichwa. Na kati ya zako haijakufa hata moja? Ngozi ziko wapi?"

Salle nzima ikacheka. Muntu mumoja wa nyuma akapaza sauti: "Mumupe basi hata mukia, aende kupika!" Zéphyrin naye alicheka, lakini Libérata aliona jasho likimutoka chini ya pua, na asubuhi ile kulikuwa baridi.

Kesho yake alitokea nyuma ya nyumba ya Geneviève, muuzaji wa maharagi, ambaye kila muntu alijua amechukua crédit.

"Yoo! Mama Libérata! Ungekuwa mwizi, tungekuwa uchi sisi wote."

"Maharagi yako yalifika Goma?"

"Yafike wapi? Camion ilisimamishwa chini ya Sake. Mifuko sikuiona tena."

"Na Coopec uliilipa na nini?"

Geneviève alitazama mulango kwanza. "Walinipa crédit ya pili nilipe ya kwanza. Ku karatasi nimelipa."

"Na hiyo ya pili?"

"Watanipa ya tatu!" Alicheka, lakini mikono yake iliacha kuchambua majani ya sombe. "Na siko peke yangu, Mama. Siku ile ku meza ya gérant tulikuwa wane. Mimi, mwenye boutique ya chumvi, Papa Dusabimana wa viazi, na kijana mumoja na casque ya pikipiki ku kichwa. Hata ndani hakuivua. Sura sikuiona, sikumujua."

"Ndama ya jirani," Libérata alisema polepole. Geneviève hakuelewa, naye hakumufasiria.

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja nyuma ya Coopec. Zéphyrin alikuwa amekaa juu ya bidon ya maji, anakula kiazi kitamu cha baridi. Karibu kimukwame.

"Mama, hapa watu hawapiti!"

"Mimi napita. Crédit zilizokufa ziko ine. Najua namna munazivalisha crédit ingine juu."

Kijana hakubisha. Aliweka kiazi chini. "Nikisema ukweli, siku ya soko watajipanga wote kutoa makuta yao, na jioni Coopec haiko. Mimi siibi, Mama. Angalia viatu vyangu."

Libérata aliviangalia. Vilikuwa vimebandikwa na gundi mara nyingi. Lakini mwizi mwenye akili, aliwaza, naye anaweza kuvaa viatu vibaya makusudi.

"Jumapili, leta ngozi mbele ya watu. Ukizileta zote, nitaweka makuta yangu yote palepale, na watu wataona. Usipozileta, wataona vilevile nikirudi nyumbani na muto wangu."

"Zote, Mama?" Alimutazama kwa namna ya ajabu, kama muntu anayemuhurumia mwingine. "Hata ile ya..."

"Zote."

Libérata alirudi anawaza: anamufunika nani? Mukubwa gani? Pengine ndugu yake? Juma nzima aliwapima wakubwa wa Coopec mumoja mumoja ndani ya kichwa, na kila mumoja alionekana kuwa njo mwenyewe.

Jumapili ikafika. Zéphyrin alisimama, sauti yake inakauka, akasema kwamba crédit zingine zilikufa. Alitaja maharagi, chumvi, viazi. Faida ya kugawa mwaka huu haiko. Salle ikachemuka. Geneviève akajifunika kitenge. Wengine walitoka wakitukana, na yule wa mukia njo alitukana kupita wote. Libérata alikaa na muto juu ya magoti, anangoja.

"Ya ine?"

Zéphyrin alitazama viatu vyake.

"Papa Gérant, ya ine iko ya nani? Unafunika mukubwa gani?"

Sauti ikatoka ku benchi ya walimu, chini sana.

"Kaa chini, Mama. Iko ya kwangu."

Libérata hakukaa. Alimutazama Nsengimana, akakumata muto wake, akatoka kwa mulango mukubwa wa mbele, na watu wakamupisha.

Nyumbani, mutoto alimufuata. Mushahara wa mwalimu haukuja, akasema, basi alichukua crédit, akanunua pikipiki kwa siri, akaipa muntu abebe watu kwa malipo. Wenye bunduki waliichukua ku njia.

"Ngozi iko wapi?"

Nsengimana alikwenda kwake, akarudi na plaque ya namba ya pikipiki, imekunjika. "Waliing'oa, wakaitupa mu majani, isijulikane."

Libérata aliigeuza. Alikwangua matope makavu ndani ya namba kwa kucha, akaangalia mahali misumari iliponyofolewa. Aliangalia muda murefu kuliko ngozi ya Athanase.

"Kwa nini hukuniletea?"

"Niliogopa. Na nilifikiri, ukinunua parts nyingi, gérant angeningojea kidogo."

"Aha. Basi ndama ya jirani ilikuwa mimi."

Nsengimana akalia. Mama yake hakumufukuza, wala hakumubembeleza. Alimupa viazi ale.

Asubuhi, mbele ya Coopec kulikuwa mustari wa watu wa kutoa makuta, murefu, lakini haukufika ku barabara. Libérata alipita nyuma. Akaweka plaque ku meza ya Zéphyrin.

"Ngozi ya ine hii. Mwenyewe atalipa polepole, na makuta ya kweli, siyo na crédit ingine."

Halafu akafumua ushonaji wa muto, akahesabu bei ya ng'ombe mumoja.

"Parts za makuta haya. Ni ya ng'ombe mumoja kati ya wane."

Zéphyrin alitazama muto, ungali umejaa. "Mama, ulisema yote."

"Na wewe ulisema ngozi zote. Ulileta tatu."

"Ile ya ine nilikufunikia wewe, Mama. Usipate haya mbele ya watu."

"Najua. Asante. Njo maana naweka ya moja."

"Na zile ng'ombe tatu zilizobaki ndani ya muto?"

Libérata alikuwa amekwisha kushika mulango wa nyuma. "Zitangoja nione ndama ikinyonya. Na usinipangie siku ya kuja."

Akazunguka choo, akapotea mu maharagi.