Mashine Iliyozimika Dakika ya Arobaini

Nakumbuka Jumamosi moja asubuhi, nikiwa na miaka thelathini na tatu, nimekaa ukingoni mwa kitanda katika chumba nilichopanga mtaa wa Nechells, Birmingham, simu sikioni. Mama wa mtoto wangu alikuwa upande wa pili, na hakupaza sauti.

"Baba Makena," alisema, "mtoto amesema hataki kucheza na wewe tena. Amechoka kuzimiwa."

Sikuelewa. Nilimwomba arudie, akarudia vilevile.

Mwanangu unayesoma haya, kabla sijaendelea acha nikueleze tulifikaje hapo, maana najua wewe nawe una mashine ya gemu pale sebuleni, na sitaki ujifunze kwa njia niliyojifunza mimi.

Sikuwa mtu wa kukaa mahali pamoja. Nilitoka Nakuru na cheti cha kidato cha nne na begi moja. Nikakaa Mombasa, nikakaa Doha, nikafika Glasgow, nikaoa, nikapata mtoto wa kike, na hata baada ya hapo miguu iliendelea kuniwasha. Ndoa ilipokwisha Makena alikuwa na miaka sita. Alibaki Glasgow na mama yake. Mimi nikashuka Leeds, kisha Birmingham, kwenye ghala la vipuri vya magari. Mvua ikipiga mabati ya ghala lile nilikuwa nafumba macho kidogo niisikie ya Nakuru, halafu msimamizi ananiita.

Makena alipofika miaka kumi na mmoja, ukimpigia simu ulipata maneno matatu tu: sawa, sijui, poa. Mimi namwongelesha Kiswahili, yeye ananijibu Kiingereza cha Glasgow. Hapa nitayaandika yote kwa Kiswahili twende pamoja. Lakini kulikuwa na gemu moja aliyoipenda, ya kulima shamba na kujenga nyumba, na watu wawili walio mbali wanaweza kulima shamba moja huku wakiongea kwa hedifoni. Basi nilinunua mashine iliyokwisha kutumika kutoka kwa jamaa mmoja wa mtaa wa Hodge Hill, na kila Jumamosi saa nne asubuhi tukawa tunakutana shambani.

Nusu saa ya kwanza ilikuwa ya ng'ombe na uzio.

"Dadi, ng'ombe wako ameingia kwangu tena."

"Amekuja kusalimia."

"Amekula mahindi kumi na mawili. Hiyo si salamu."

Halafu, akishazoea sauti yangu, polepole alianza habari zake mwenyewe: mwalimu huyu, rafiki yule. Nilikuwa naacha kulima nisikilize. Wiki nzima niliiishi kwa ajili ya dakika hizo.

Sasa sikia kosa langu. Nyumbani kwetu Nakuru hakuna kitu cha thamani kilichokaa uchi. Redio ilikuwa na kitambaa chake cha kufumwa, tele ilikuwa na chake, viti vyote, hata chupa ya chai. Mama alipojua nimenunua mashine, alifuma kitambaa cheupe chenye maua ya manjano pembeni, akakituma na muuguzi mmoja wa kanisani kwetu aliyekuwa anarudi Birmingham. Nikaivalisha mashine. Tena, kwa sababu Nechells ina vumbi la malori na chumba kilikuwa na zulia, nikaisukuma ndani ya kabati dogo chini ya tele na kufunga mlango. Kila Jumamosi kabla ya saa nne niliitoa, nikaipangusa kwa kitambaa chenye maji kidogo mpaka ikang'aa, nikaifunika, nikaifungia tena. Nilijiona mtu nadhifu sana.

Ikaanza kunguruma. Mimi nikafurahi, nikidhani ndiyo nguvu yake. Kiprono, niliyekuwa naishi naye nyumba moja, aligonga ukuta siku moja: "Baba Makena, hiyo ndege yako inatua saa ngapi?"

Halafu ikaanza kuzima. Jumamosi ya kwanza ilizima katikati ya mazungumzo, yapata saa nne na dakika arobaini. Nikabonyeza, ikakataa. Nikamwandikia Makena: "Mtandao mbaya. Tuonane Jumamosi." Kisha, na hapa ndipo ninapoona aibu, nikapika chai nikalala. Sikumpigia simu. Nilijiambia kwenye simu hana la kuniambia, na huenda hata yeye amefurahi kupumzika. Jumamosi ya pili ikazima vilevile, na ya tatu. Nililaumu mtandao wa mwenye nyumba. Nililaumu maikrowevu ya Kiprono. Chai nilipika kila mara.

Jumamosi ya nne niliwasha mashine, shamba likafunguka, na Makena hakutokea. Ndipo simu ikalia.

"Kuna jambo alilifanya shuleni," mama yake aliendelea. "Nilimwambia lazima akwambie mwenyewe, kwa kinywa chake. Kila Jumamosi anajikaza nusu saa nzima, na akifungua mdomo, unamzimia. Wiki iliyopita alishasema, 'Dadi, kuna kitu nilisema shuleni,' ukazima. Sasa anaamini unakijua, na kwamba umekasirika."

"Si mimi. Ni mashine iliyozima."

"Mara tatu?"

"Mara tatu."

"Na ulimpigia simu mara ngapi kumwambia hivyo?"

Nilianza kumtajia mtandao wa mwenye nyumba, akanikatiza.

"Baba Makena, kuondoka kwako tunakujua," alisema, bila ukali, kama mtu anayesoma anwani. "Mtoto angejuaje kwamba safari hii ni mashine?"

Alipokata simu nilibaki pale kitandani. Nilikuwa nimeshtuka kiasi kwamba niliisikia mashine ikinguruma kabatini na nisikumbuke ni mlio wa nini. Mara tatu mtoto wangu alikusanya nguvu za kusema neno gumu, na mara tatu alijibiwa kwa giza kwenye tele na ujumbe mmoja kuhusu mtandao.

Siku hiyohiyo niliifunga mashine katika kitambaa cha mama nikapanda basi kwenda mtaa wa Hockley. Nyuma ya karakana za masonara kulikuwa na chumba kimoja cha mzee wa kanisani kwetu, Papa Bahati, Mkongo wa Uvira. Kwao alitengeneza redio maisha yake yote. Huku alitengeneza chochote chenye waya.

"Umeniletea mutoto?" aliuliza, akitazama nilivyoikumbatia.

"Ni mashine ya gemu, Papa. Inazima."

"Na hii nguo?"

"Ya kuzuia vumbi."

"Nyumbani inakaa fasi gani?"

"Ndani ya kabati."

"Mulango wazi?"

"Umefungwa."

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Bon. Ulivalisha mashini koti, ukaifungia ndani ya nyumba, na sasa unaniuliza juu ya nini, sababu gani iko nazimia. Inachukua muda gani?"

"Dakika arobaini hivi."

"Kila mara?"

"Kila mara."

"Ni joto njo inaizima. Linapanda, linapanda, mpaka mashini inajizima yenyewe isiungue. Haiko mubaya, petit, kijana wangu. Iko na akili."

Alifungua skrubu, akainua kifuniko. Mwanangu, nilichokiona sikukitarajia kabisa. Ndani palipaswa kuwa na feni, nami sikuona feni. Niliona kitu cha kijivu, kizito kama kipande cha blanketi. Papa Bahati alikishika kwa kibano akakinyanyua chote kwa pamoja, kikaning'inia mbele ya uso wangu. Kilikuwa na nywele zangu, nyuzi za zulia, nyuzi nyeupe na za manjano za kitambaa cha mama, na mende mmoja mkavu, mzima na masharubu yake. Nilirudi nyuma nikagonga mlango.

"Lakini naipangusa kila Jumamosi," nilisema.

"Unapangusa uso. Iko napumua kwa pua."

Hakunifanyia kazi ile. Alinipa brashi laini akanielekeza. Kwanza, mashine iwe imechomolewa kwenye umeme na imepoa. Feni uishike kwa kidole isizunguke unapopuliza, maana ikizungushwa ovyo huharibika. Kopo la upepo wa kupulizia vumbi ulipulize kidogokidogo, likiwa wima, lisije likaimwagia mashine majimaji. Yale mabati membamba yaliyopangana kama meno ya kitana uyapitie moja moja, kwa sababu humo ndimo joto hupitia likitoka. Juu ya chipu palikuwa na dawa ya kijivu ya kupitisha joto, imekauka na kupasuka. Hiyo aliifuta na kupaka mpya yeye mwenyewe.

Akaniuliza ninacheza na nani, nikamwambia yote. Alisikiliza akifunga skrubu. Alipofika ya mwisho aliweka bisibisi chini.

"Ilipozima, ulimuita mutoto kwa simu?"

"Hapana, Papa."

"Mashini ilijizima juu ya joto. Weye ulijizima juu ya nini?"

Alinirudishia kitambaa kimekunjwa vizuri, akaniambia kwangu nikakiweke mezani, chini ya sahani.

Nilimpigia Makena nikiwa kituo cha basi. Hakupokea. Nikampigia tena nilipofika nyumbani, hakupokea. Basi nikamtumia picha niliyoipiga kule Hockley, ya lile blanketi la vumbi. Akaandika:

"Hiyo ni nini? Panya?"

"Ni vumbi la ndani ya mashine yangu. Ndilo lililokuzimia. Mimi nami nilikosea, sikukupigia simu. Sijakasirika na sijui ulilosema shuleni. Jumamosi nitakuwa shambani saa nne, ukitaka."

"Lina mdudu."

"Ndiyo. Mmoja."

"Kinyaa." Baada ya dakika kadhaa: "Sawa."

Jumamosi iliyofuata mashine ilikaa juu ya meza, uchi, mbali na ukuta, imezungukwa na hewa. Makena alikuja. Tulilima. Alinishtaki habari za ng'ombe. Ilipofika saa nne na dakika thelathini na nane alinyamaza, nami nikanyamaza, na nikatambua kwamba kule Glasgow na yeye alikuwa anatazama saa.

Ikafika arobaini. Feni ilikuwa inazunguka taratibu, huisikii usipotega sikio.

"Dadi, upo?"

"Nipo."

Arobaini na moja.

"Dadi, upo?"

"Nipo, Makena."

"Niliwaambia watu shuleni kwamba ulikufa."

Nilinyamaza, na ghafla nikakumbuka kwamba kimya changu ndicho kitu alichokiogopa kuliko vyote.

"Nipo," nikasema haraka. "Nimesikia. Bado nipo."

Maneno yakamtoka kwa mfululizo. Shule ilikuwa mpya. Wasichana walimuuliza kila siku baba yako yuko wapi, anakuja lini, kwa nini haji. Alichoka kusema sijui. Siku moja akasema amekufa, wakaacha kuuliza, wakampa nafasi mezani. Mwalimu akamkumbatia. Kisha mwalimu akatuma kadi ya rambirambi nyumbani, na ndivyo mama yake alivyojua.

"Nilikufa kwa nini?" nilimuuliza.

"Ulianguka kutoka kwenye farasi."

"Farasi? Mimi?"

"Ndicho kitu cha kwanza nilichofikiria."

Akacheka, kicheko kikageuka kilio, nami nilikisikia chote mpaka mwisho, mashine haikukata hata kidogo. Kilichonishtua hakikuwa uongo wake. Ni kwamba kufa kwangu kulikuwa kumemrahisishia maisha. Marehemu haulizwi anakuja lini.

Alhamisi iliyofuata niliomba ruhusa kazini nikapanda basi la masafa marefu kwenda Glasgow. Kesho yake asubuhi, yule mwalimu aliponiona mlangoni pa darasa na Makena pembeni yangu, alishika ubao wa matangazo. Nilimpa mkono, nikamwambia, "Mimi ndiye yule marehemu. Kosa ni langu zaidi kuliko lake." Makena alikuwa ameshika mkono wa koti langu. Kengele ya darasa ikalia. Hakuuachia, na mwalimu hakumwambia auachie.

Basi, mwanangu, shika haya. Mashine yako usiifunike, hata kama kitambaa kimefumwa na mama. Usiifungie kabatini wala kuiweka juu ya zulia au kuibana ukutani. Iache ipumue pande zote, na angalau kila baada ya miezi michache chomoa umeme utazame matundu yake. Ikianza kunguruma usijisifu, ichunguze. Ikizima, ina sababu, nawe usipokee sababu ya kwanza inayokuja kwa sababu tu haikugusi wewe.

Na kama kuna mtu mliyekuwa naye upande wa pili, mtafute papo hapo kwa njia nyingine yoyote. Chai itangoja. Mwambie kwa sauti yako kwamba kilichoondoka ni mashine. Usidhani anajua. Watu tunaowapenda huhesabu mara tulizoondoka, na huongeza juu yake hata zile ambazo hatukuondoka.

Mungu akulinde na moto na akutunzie kazi ya mikono yako. Akupe watu wa kukuuliza, "Upo?", na kila watakapouliza, wakukute umekaa karibu, unaweza kujibu.